Siku Gari la Mkwe Wangu Lilipochemsha

Garini tulikuwa watu wanne na mtoto mchanga. Mimi, niliyemzaa binti. Binti yangu, kitinda mimba, ambaye alikuwa na huyo mtoto mgongoni. Mume wake, yaani mkwe wangu, ndiye mwenye gari na ndiye dereva. Na mama yake huyo mkwe, ambaye basi ni mkwe mwenzangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mbuga. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ametoka arobaini. Fundi na vijana wa pikipiki walitukuta baadaye, nitawasema wakifika. Majina ya wote ninayo kichwani, hata la yule mwenye lori aliyetuvuta na la mke wa fundi aliyetupa maji ya kunywa. Lakini watu wako hai na kila mtu ana heshima yake, kwa hiyo majina nayaacha humohumo kichwani.

Tulikuwa tunatoka Nyarugusu. Nilikwenda kumwangalia binti yangu alipojifungua, nikakaa mpaka mtoto akakaza shingo kidogo, na sasa walikuwa wananirudisha kwangu Nyahanga, pale Kahama. Nilipokuwa kule nililala kwa jirani yao, mama mmoja mjane, si kwa mkwe. Siku hizi vijana wanatucheka, wanasema bibi, hayo ni mambo ya zamani. Sawa. Mimi nililelewa hivi: mkwe wa kiume hatazamani na mama mkwe usoni, hapeani naye mkono, wala hawasemeshani ana kwa ana. Ukiwa na neno lako unampa mtu wa katikati alifikishe. Tumeishi hivyo na hatukukosana na mtu. Hata ndani ya gari nilikaa kiti cha nyuma kabisa, binti yangu akakaa kiti cha kati, mkwe mwenzangu akakaa mbele pembeni ya mwanawe.

Sasa niseme kwa nini gari lile lilikuwa na uzito kwetu. Mkwe wangu alikuwa mchimbaji tangu ndevu hazijaota. Alishuka maduara ya Nyarugusu, yale mashimo yanayokwenda chini mpaka mtu anaonekana kama nyota ya tochi tu. Mwaka mmoja ukuta ulianguka. Yeye alitolewa, rafiki yake hakutolewa. Alipopata fungu lake zuri baada ya hapo, binti yangu alimshika shati akamwambia, nunua kitu cha juu ya ardhi. Akanunua gari la abiria, lile la mlango wa kusukuma, akawa anapeleka watu Geita na kuwarudisha. Binti yangu akaanza kulala usingizi. Lakini mkwe alikuwa na msemo wake, alikuwa anausema hata akiwa anacheka: "Gari likifa, duara lipo." Msemo huo binti yangu alikuwa haupendi kama mtu asivyopenda kusikia bundi.

Tuliondoka asubuhi jua likiwa bado pole. Barabara ilikuwa ya vumbi, malori ya mawe yanapishana nasi, dirisha ukifunga unaiva, ukifungua unakula udongo. Tulipoipita Bulyanhulu nikasikia harufu. Si harufu ya vumbi. Ni harufu kama sufuria iliyokaukiwa maji jikoni, mwenyewe amekwenda kuongea na jirani.

Nikamgusa binti yangu begani. "Mwambie mwenye gari, kuna kitu kinaungua."

Mwenye gari yuko hatua mbili mbele yangu, kasikia vizuri. Akajibu huku anatazama barabara, "Mwambie mama, ni breki za lori lililotupita."

Binti yangu akageuka. "Mama, anasema ni breki za lori."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie lori limeshafika Geita na harufu bado iko hapa."

Binti akacheka. Mkwe naye nikaona mabega yanacheka. Tukaenda.

Mambo yakaanzia kwa mkwe mwenzangu. Magari ya namna ile injini yake inakaa chini ya viti vya mbele, sijui ni nani aliyefikiria hivyo. Alianza kujisogeza, mara upande huu, mara upande ule. Mwisho akasema, "Wewe, simamisha gari. Kiti kinanichoma."

"Mama, ni jua."

"Jua liko juu, mimi naungulia chini! Simamisha nishuke kabla hujamla mama yako choma."

Mkwe akatazama mshale wa joto. Mshale ulikuwa umepanda mpaka mwisho, umelala kwenye alama nyekundu. Akaegesha pembeni, akazima. Tulishuka wote. Akainua kiti, na mvuke ukatoka kama mtu amefunua chungu cha makande. Maji yalikuwa yanatokota ndani, unayasikia kabisa, pwata pwata pwata.

Akavua shati, akalikunja, akapeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Mama yake akampiga kofi la mkono, la nguvu, kama mtoto aliyetaka kuchomoa kuni motoni.

"Unataka kuungua uso? Nani atakukubali tena?"

"Mama, nimeshaoa."

"Basi mhurumie aliyekukubali. Liache lipoe."

Ndipo vijana wa pikipiki wakasimama, wawili. Huwa hawapiti mahali penye gari bovu, ni kama kunguru kwenye mahindi. Wa kwanza akainama akachungulia, akasema, "Duh. Hedi hiyo." Wa pili hata hakuinama. "Moshi ulikuwa mweupe? Basi hedi. Hapo injini kwaheri, kaka." Walisema kama wanaoleta habari ya msiba, kwa adabu lakini na raha kidogo ya kuwa wa kwanza kujua.

Mimi sikujua hedi ni nini. Nilimuuliza mkwe mwenzangu, naye akamuuliza mwanawe, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo: ni kichwa cha injini, kikiungua kwa joto kinapinda, na likifika hapo gari ni la kuuza vipande. Nikaelewa. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anamnyonyesha mtoto amekaa kwenye jiwe, na macho yake hayakuwa kwa mtoto wala kwa gari. Yalikuwa kwa mume wake.

Mume wake alikwenda kando kidogo akatoa simu. Upepo ulikuwa unakuja upande wetu. Tukamsikia anasalimia, anauliza habari za nyumbani, halafu anauliza, "Lile duara lenu la mwambani, bado mnashusha watu?"

Binti yangu alifumba macho. Mkwe mwenzangu, ambaye huwa hakosi neno, alitazama chini akaanza kuchokonoa udongo kwa kidole cha mguu. Yule rafiki wa mwanawe aliyebaki chini ya ardhi alikuwa anakuja kula kwake kila Jumapili.

Mmoja wa wale vijana wa pikipiki akajitolea kwenda kumchukua fundi kwenye senta ya maduka iliyo mbele. Nasema alijitolea, na nasema kwa shukrani, maana kelele yake ya hedi tulishamsamehe. Akarudi na mwanamume mwenye kofia ya kushona, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Akatusalimia sisi kina mama kwanza, shikamoo moja moja, siyo ile ya jumla ya kumwagia watu kama maji. Kisha akatazama gari kwa mbali, hakulisogelea.

"Wamesema hedi," mkwe wangu akamwambia.

"Wamesema kina nani?"

Vijana wakatazama pikipiki zao.

"Gari ni kama mgonjwa," fundi akasema. "Halizikwi kwa habari za barabarani. Kwanza lipoe. Nani ana cha kutafuna?"

Tulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kapu. Akakaa akala viazi vyetu taratibu, huku sisi roho ziko juu. Nilimchukia kidogo wakati ule, naomba radhi. Alipoona mvuke umekwisha, akafunika kifuniko kwa tambara, akakilegeza kidogo, pumzi ikatoka, ssss, akangoja, halafu ndipo akakifungua.

Akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Akakiinua juani. Sote tukasogea.

"Hedi ikiachia, maji yanaingia kwenye mafuta," akasema. "Mafuta yanakuwa kama chai ya maziwa. Haya, kina mama ndio mnaojua chai. Hii ni ya maziwa au ya rangi?"

Mkwe mwenzangu akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Ya rangi! Tena nyeusi!"

"Basi bado hatujalia."

Niliona binti yangu amefumbua macho. Lakini fundi akainua kidole: hiyo ni dalili moja tu, zipo nyingine.

Akaongeza maji kutoka kwenye kidumu chake, akamwambia mkwe awashe. Akashika bomba la juu la rejeta, akaondoa mkono upesi. Akashika bomba la chini, akauacha mkono juu yake kabisa. Akamwita mkwe, shika na wewe. Mkwe akashika. Juu moto, chini baridi.

"Umeona? Maji ya moto yanaingia, hayapiti. Kuna mahali yamezibiwa njia. Ile themostati inayoziba na kufungulia maji ipo?"

"Ilitolewa zamani, kabla sijalinunua."

"Basi siyo yenyewe. Zima. Feni imezunguka vizuri, mkanda haujalegea, na pampu naisikia inasukuma." Akakuna kidevu. "Maji unaongeza?"

"Kila asubuhi. Linapungua kidogo, kifuniko mpira wake umechoka."

"Unaongeza maji gani?"

"Maji," mkwe akasema. "Maji si ni maji?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa sababu mimi nilikuwa nakaa asubuhi zote kwenye baraza ya yule mjane naota jua, na nyuma ya ile nyumba kuna mwalo, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu. Mawe yanasagwa kwenye karasha mpaka yanakuwa laini kama unga wa muhogo, halafu yanaoshwa, na maji yanatiririka kwenye bwawa walilochimba na kulitandika turubai. Kiangazi kile maji ya kisima yalikuwa ya kupanga foleni. Na mimi nilikuwa namwona mkwe wangu kila alfajiri anakwenda na kidumu chake bwawani, anachota, anamimina kwenye gari. Nilidhani anaoshea vioo. Na hata kama ningejua, ningemwambiaje?

Sasa yuko mbele ya fundi na mbele ya vijana, na mama mkwe hawezi kusimama barabarani kumkosoa mkwe wake. Na binti yangu amerudi kule kwenye jiwe na mtoto. Nikamvuta mkwe mwenzangu kanga.

"Mkwe mwenzangu," nikamnong'oneza, "hayo maji anachota kwenye bwawa la mwalo."

"La nini?"

"La mwalo. La kuoshea."

Mimi nilinong'ona. Yeye Mungu hakumpa kunong'ona. "We mtoto!" akapaza. "Mama yako mkwe anasema umelinywesha gari maji ya mwalo!"

Vijana wa pikipiki walicheka mpaka mmoja akashikilia usukani. Mkwe wangu akajifunika uso kwa shati alilolivua, siyo kwa hasira, kwa aibu ile ya ukwe. Kutoka ndani ya shati akasema, "Mwambieni mama, yalikuwa yametuama. Juu yalikuwa meupe kabisa, kama ya mvua."

Fundi akatikisa kichwa. "Kaka, hata uji ukituama, juu kuna maji meupe." Kisha akanigeukia mimi, akaniinamia, akaniita mama na kunishukuru kwa Kisukuma. "Mayu, wabeja. Umetuokolea nusu siku."

Likaja lori la mawe, mwenye lori akatufunga kamba, akatuvuta hadi kwenye senta. Banda la fundi limegusana na mahali pa kuoshea magari, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu. Wakaifungua rejeta, wakaitoa nzima, wakaiegemeza kwenye gurudumu. Fundi akachukua ile mashine ya maji ya nguvu, lakini hakupiga kutoka juu. Aliigeuza, akapigia tundu la chini ili uchafu urudi kwa njia uliyoingilia. Mwanzo hakikutoka kitu. Akapiga tena. Ikakohoa, halafu ikatapika. Tope la kijivu, zito, laini, kama udongo tunaosiribia ukuta.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Kingeni karai!"

Na sikiliza ajabu ya watu wa kwetu. Karai likaja kabla maneno hayajaisha. Na aliyelipokea ni mkwe wangu mwenyewe. Sidhani kama alifikiri, mikono ilikwenda yenyewe. Akachuchumaa, akaongeza maji, akaanza kulizungusha karai kama wachimbaji wanavyotafuta dhahabu, taratibu, anamwaga kidogo, anazungusha, anamwaga. Senta nzima ikasogea. Muuza chipsi aliacha chipsi zake. Fundi alizima mashine. Mkwe mwenzangu akawa ananyoosha shingo.

Akafika mwisho. Akainamisha karai juani.

"Kutu," akasema. "Na nyuzi za gunia."

Kicheko kilichotoka pale nadhani Bulyanhulu walikisikia. Fundi akasema, "Ingekuwa na kitu ningekunyima rejeta yako." Mkwe naye alicheka, alikaa chini kabisa kwenye tope akacheka. Lakini binti yangu hakucheka. Yeye alikuwa ameona ile mikono inavyolijua karai. Akaniambia polepole, "Mama, bado hajasema kama limepona."

Ni kweli, ilikuwa bado. Kuzibua rejeta ni jambo moja, kujua kama lile joto limepinda kichwa cha injini ni jambo lingine. Wakairudisha rejeta, wakaijaza maji masafi ya kisima, na kifuniko kikapatikana kingine chenye mpira mzima. Lakini fundi alikataa kukifunga.

"Washa, tuache mdomo wazi," akasema. "Kama hedi imepinda, moshi wa injini utapenya kwenye maji. Mtaona mapovu, na hayo mapovu hayakomi."

Mkwe akawasha. Tukazunguka ule mdomo kama watu wanaochungulia kisima kilichomeza kitu chao. Maji yakatulia. Halafu povu moja. Binti yangu akanishika mkono. La pili. Halafu mengi, yakafuatana, bubu bubu bubu.

"Ni hewa iliyobaki ndani," fundi akasema, lakini hata yeye alikuwa hapepesi. "Ngojeni."

Tukangoja. Mtoto akalia, hakuna aliyemtazama. Mkwe mwenzangu alikuwa anasali kwa sauti, anamkumbusha Mungu kila mema aliyowahi kumfanyia. Mapovu yakapungua. Likaja moja peke yake, kubwa, likapasuka. Halafu maji yakawa yanakwenda mduara tu, laini, safi, hayana kitu. Fundi akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, maji yakashuka kidogo yakarudi. Hayana kitu. Akashika bomba la juu, akashika la chini. Yote mawili yana joto.

Akafunga kifuniko.

"Hedi nzima," akasema. "Mlisimama mapema. Mngelazimisha hadi Kahama, tungekuwa tunaongea mengine."

"Ni makalio yangu hayo!" mkwe mwenzangu akasema. "Yangevumilia kidogo tu, gari lingekufa!"

Hakuna aliyeweza kubisha. Binti yangu ndipo alipolia, kilio cha mtu aliyetua mtungi. Mume wake alisimama mbele yake na mikono yake ya tope, hajui aiweke wapi. Yule kijana wa pikipiki aliyemleta fundi akamtania, "Sasa kaka, duarani unashuka lini? Tumekuona na karai, mkono bado upo."

"Kesho kutwa nina abiria wa Geita," mkwe akajibu. "Nimewaahidi." Akamchukua mtoto kutoka kwa binti yangu, tope na vyote, na binti yangu akamwacha amchafue.

Tulifika Nyahanga jua linaelekea kutua, mshale umekaa katikati njia nzima. Nilijua umekaa katikati kwa sababu binti yangu alikuwa ananitangazia kila baada ya muda, "Mama, uko palepale." Mkwe anapeleka abiria mpaka leo. Fundi alimwambia atumie yale maji ya kijani yanayouzwa dukani, na akikosa, basi ya bomba au ya mvua. Nasikia wenzake stendi wanamwita jina la utani kwa ajili ya siku ile, ninalijua pia, nalo nalificha.

Nimeandika nilivyoona na nilivyosikia. Mkwe mwenzangu ameshanikatalia mambo mawili: anasema lile tope la rejeta lilikuwa jekundu, siyo la kijivu, na kwamba lori lililotuvuta lilikuwa tupu, halikubeba mawe. Huenda. Macho yangu siku hizi yana ukungu, na yeye alikuwa karibu zaidi. Basi nawe unayesoma, kama ulikuwa pale senta siku hiyo, au ulikula chipsi za yule muuzaji aliyeziacha zikaungua, na unakumbuka tofauti, nijie Nyahanga uniambie nilipokosea. Nitarekebisha, wala sitakununia.